Saudia: Saa sita hadi saa tisa haitoshi kumlinda fundi na joto

Kila msimu wa kiangazi Saudi Arabia husimamisha kazi za juani kwa saa tatu mchana. Watafiti wanasema saa peke yake haimlindi mfanyakazi, na kinachomlinda wanakijua. Kazi iliyobaki ni kukifikisha kwenye majengo yanayopanda Riyadh na Jeddah.

Kila ifikapo tarehe 15 Juni, amri moja huanza kutumika katika maeneo ya ujenzi kote Saudi Arabia. Kuanzia saa sita mchana hadi saa tisa alasiri mfanyakazi hatakiwi kuwa kwenye jua la moja kwa moja. Amri hiyo hudumu hadi tarehe 15 Septemba, na Wizara ya Rasilimali Watu na Maendeleo ya Jamii huitangaza upya kila mwaka, kama ilivyofanya mwaka 2025.

Mjini Riyadh mafundi huteremka kwenye majukwaa, wakajitafutia kivuli chini ya ghorofa ambayo zege lake limekwisha kukauka, au wakarudishwa kambini kwa basi. Mjini Jeddah, zaidi ya kilomita 800 upande wa magharibi kwenye pwani ya Bahari ya Shamu, hufanyika vivyo hivyo, tena kwa dakika ile ile.

Ni amri nzuri, na haifai kuibeza. Nchi nyingi zenye joto kali hazina hata hiyo. Hata hivyo, wanasayansi wamelichunguza joto na kazi kwa karibu miaka 100 sasa, na katika yote waliyoyagundua, lililochukuliwa na kuwekwa kwenye sheria ni moja tu, nalo ni saa ya ukutani.

Suala hili lina uzito zaidi wakati huu. Riyadh itakuwa mwenyeji wa maonesho ya Expo 2030, na tarehe 11 Desemba 2024 Shirikisho la Soka Duniani, FIFA, liliipa Saudia fainali za Kombe la Dunia za mwaka 2034. Mpango ni kuchezea katika viwanja 15, vinane vikiwa Riyadh na vinne Jeddah. Huko Jeddah, jengo refu la Jeddah Tower, linalokusudiwa kupita mita 1,000 kwenda juu, lilianza tena kujengwa Januari 2025 baada ya kusimama tangu mwaka 2018. Wanaofunga nondo na kumwaga zege ni wageni, wengi wao kutoka Pakistan, India, Bangladesh, Nepal na Misri, na miongoni mwao wamo vijana wa Kenya na Uganda.

Habari nyingi za Waafrika Mashariki walioko Saudia huwa ni za wafanyakazi wa majumbani, na kwa sababu inayoeleweka. Gazeti la New York Times liliripoti mwezi Machi 2025 kwamba Wakenya wasiopungua 274 walikuwa wamefariki dunia nchini humo katika miaka mitano, wengi wao wanawake. Mafundi, vibarua na walinzi hutajwa kwa nadra. Lakini mlinzi anayesimama kwenye lango la eneo la ujenzi yuko kwenye jua lile lile linalompiga mwashi, tofauti yao ni kwamba mlinzi haonekani kuwa anafanya kazi nzito.

Joto kavu na fukuto

Msomaji wa Mombasa, Tanga au Unguja hahitaji kuelezwa tofauti kati ya joto la Dodoma na fukuto la pwani. Dodoma jua huwaka lakini ukiingia kivulini unapumua. Pwani, hasa wakati wa kaskazi, kivuli hakisaidii sana, shati hulowa na halikauki. Ndiyo tofauti ya Riyadh na Jeddah, ila huko nambari ziko juu zaidi.

Tuchukue mfano. Riyadh, mji ulio katikati ya jangwa, siku ya Julai joto limefika nyuzi 44 za Selsiasi na unyevu wa hewa ni asilimia 10. Siku hiyo hiyo Jeddah ina nyuzi 38 na unyevu wa asilimia 55. Mtangazaji wa hali ya hewa atasema Riyadh ndiko kuliko na joto zaidi, na anayepanga kazi kwa kutazama simu yake ataamini kwamba fundi wa Jeddah ana nafuu.

Mwili hausomi simu. Mwili wa mtu anayefanya kazi nzito hujipoza kwa jasho, na jasho hupoza pale tu linapokauka. Katika hewa kavu ya Riyadh hukauka upesi, kiasi kwamba mtu huweza kupoteza maji mengi bila kujiona ameloa. Katika hewa ya Jeddah, iliyokwisha kushiba mvuke wa bahari, jasho hutiririka likadondoka chini bila kupoza chochote, na joto linalotengenezwa na misuli hubaki ndani.

Kipimo cha kuyaweka mambo haya pamoja kipo tangu miaka ya 1950. Kiligunduliwa kutokana na wanajeshi wa Marekani waliokuwa wakianguka kwa joto katika kambi za mafunzo, ikiwemo ile ya Parris Island, na wanasayansi Yaglou na Minard wakakichapisha mwaka 1957. Kinajulikana kwa herufi WBGT. Hutumia vipimajoto vitatu. Kimoja ni cha kawaida, cha pili kiko ndani ya tufe jeusi linalonasa ukali wa jua, na cha tatu kimevikwa kitambaa kilicholoweshwa maji, kwa maana nyingine kinatoa jasho kama mtu.

Katika hesabu ya mwisho kile chenye kitambaa cha maji hupewa sehemu saba kati ya kumi, tufe jeusi mbili, na cha kawaida moja. Turudi kwenye mfano wetu. Kipimajoto chenye kitambaa kitasoma takriban nyuzi 21 huko Riyadh, lakini Jeddah kitasoma karibu nyuzi 30. Yaani kipimo chenye uzito mkubwa kinasema kinyume cha simu, na fundi wa Jeddah ndiye aliye hatarini zaidi siku hiyo.

Kuna jambo jingine dogo ambalo sijaona likitajwa. Saudia nzima hutumia saa moja, ambayo ndiyo saa ya Nairobi na Dar es Salaam. Lakini Jeddah iko karibu kabisa kwenye mstari mmoja wa longitudo na mji wa Unguja, nyuzi 39 na ushei mashariki, ilhali Riyadh inakaribia nyuzi 47. Kwa hiyo jua hufika katikati ya mbingu Jeddah karibu nusu saa baada ya kufika Riyadh. Fundi wa Jeddah anaporudi kazini saa tisa kamili, jua lake liko pale lilipokuwa jua la Riyadh saa nane na nusu.

Si kwamba waliotunga amri hawajui kuwa nchi yao ina hali tofauti. Amri yenyewe inaruhusu maeneo ambayo joto lake si kali yasihusishwe. Tofauti ya mahali imekubaliwa kwa ajili ya kulegeza, bado haijakubaliwa kwa ajili ya kukaza.

Waliopima

Utafiti wa moja kwa moja juu ya mafundi wa Saudia upo. Katika eneo la Al-Ahsa, mashariki mwa nchi, watafiti wakiongozwa na Mohammed Al-Bouwarthan walipima joto katika maeneo ya ujenzi wakati wa kiangazi na kuchapisha matokeo yao mwaka 2019. Waligundua kwamba viwango vya joto vilipita mipaka ya usalama inayokubalika kimataifa hata nje ya zile saa za katazo, na wakasema wazi kuwa katazo la mchana peke yake halitoshi. Mwaka uliofuata timu hiyo ilichapisha utafiti mwingine kuhusu hatari ya figo za mafundi hao kudhurika.

Nchi jirani ya Kuwait, ambayo nayo ina katazo la mchana, ilichunguzwa pia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulionesha kwamba siku za joto kali ajali za kazini ziliongezeka hata katika miezi ambayo katazo lilikuwa likitumika.

Sababu si ngumu kuielewa. Kazi haipungui kwa kuondoa saa tatu, huhamishwa tu. Zege lililopangwa kumwagwa leo litamwagwa leo, kwa hiyo siku huanza alfajiri na kasi huongezwa kabla ya saa sita, wakati ambao joto limekwisha kupanda. Nyingine husogezwa usiku, na usiku wa Jeddah hauna jua lakini fukuto liko pale pale. Mtu aliyeamshwa kambini saa tisa ya usiku ili awahi basi, akapumzika mchana katika kivuli cha nyuzi 40 bila kupata usingizi, kisha akarudi kazini jioni, amelindwa na jua na kukabidhiwa kwa uchovu.

Kuna na wale walioachwa nje. Amri ya Saudia haiwahusu wafanyakazi wa kampuni za mafuta na gesi, wala wale wa matengenezo ya dharura, ingawa waajiri wao wanatakiwa kuwakinga na jua.

Serikali imekuwa ikitangaza kila mwaka kwamba zaidi ya asilimia 90 ya waajiri waliokaguliwa wanaitii amri hiyo. Hakuna sababu ya kulipinga hilo. Swali ni kama kuitii amri ni sawa na kumlinda mtu.

Jirani aliyepima kwanza

Kwa mtu anayedhani kwamba haya ni mambo ya maabara yasiyowezekana jangwani, mfano uko Qatar, nchi inayopakana na Saudia.

Qatar nayo ilikuwa na katazo la saa chache za mchana tangu mwaka 2007. Ilipokuwa ikijenga viwanja vya Kombe la Dunia la 2022, vifo vya wafanyakazi wageni viliiletea lawama nyingi. Mwaka 2019 jarida la tiba la Cardiology lilichapisha utafiti juu ya vifo vya Wanepali nchini humo. Watafiti walikadiria kwamba kati ya vifo 571 vilivyohusishwa na moyo na mishipa ya damu kuanzia 2009 hadi 2017, vinavyofikia 200 vingeweza kuzuiwa kama kungekuwa na hatua madhubuti za kupambana na joto. Waliokufa wengi walikuwa vijana, waliopimwa afya na kuonekana wazima kabla ya kupanda ndege.

Mwaka huo huo Shirika la Kazi Duniani, ILO, na serikali ya Qatar waliwaita wataalamu wa Chuo Kikuu cha Thessaly cha Ugiriki. Wataalamu hao waliwafuata wafanyakazi wenyewe, wa ujenzi na wa shambani, katika kiangazi cha 2019, wakapima miili yao wakiwa kazini badala ya kutazama taarifa ya hali ya hewa.

Matokeo yake yaliingia kwenye sheria mwezi Mei 2021. Katazo likarefushwa, likawa kuanzia tarehe 1 Juni hadi 15 Septemba, saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu. Lakini lililo kubwa zaidi ni kwamba kipimo cha WBGT kikizidi 32.1, kazi zote za nje husimama, saa yoyote iwayo, na mfanyakazi akapewa haki ya kuacha kazi mwenyewe anapoona joto linahatarisha afya yake. Sheria hiyo pia inataka wafanyakazi wapimwe afya kila mwaka.

ILO ilieleza baadaye kwamba wagonjwa wa maradhi ya joto waliofika katika zahanati za wafanyakazi za Hilali Nyekundu ya Qatar walikuwa 1,520 katika kiangazi cha 2020, wakawa 620 mwaka 2021 na 351 mwaka 2022. Nambari za zahanati si kila kitu, na Qatar bado inadaiwa majibu juu ya vifo vya nyuma ambavyo havikuchunguzwa. Lakini jangwa ni lile lile, bahari haiko mbali, mafundi ni wale wale, na mara nyingi hata wakandarasi ni wale wale. Kilichobadilika ni kwamba mtu alipima, kisha akasikilizwa.

Siku ya kwanza kazini

Jambo ambalo kwa maoni yangu linawahusu zaidi vijana wanaotoka kwetu, hata sheria ya Qatar haikulipa nafasi kubwa. Ni suala la kuzoea joto.

Historia yake inaanzia Afrika. Katika miaka ya 1920 migodi ya dhahabu ya Witwatersrand, Afrika Kusini, ilikuwa imechimbwa chini sana kiasi kwamba miamba yenyewe ilitoa joto, na maji yaliyomwagwa kuzuia vumbi yaliijaza hewa mvuke. Wachimbaji wakaanza kufa kwa kiharusi cha joto. Ilibainika kwamba waliokuwa wakifa wengi walikuwa wageni wa siku chache. Katika miaka ya 1930 Dk. Dreosti aliwapima maelfu ya wachimbaji ili kujua nani anastahimili na nani hastahimili, na baadaye ikawa kawaida ya migodi kuwaweka wageni katika vyumba vya joto na mvuke kwa siku kadhaa, wakipanda na kushuka ngazi, kabla ya kuwateremsha shimoni. Miongoni mwa walioajiriwa migodini kwa miaka hiyo na iliyofuata walikuwamo vijana wa Msumbiji, Nyasaland na hata wa kusini mwa Tanganyika.

Wenye migodi hawakufanya hivyo kwa huruma. Maiti haichimbi dhahabu. Lakini ujuzi uliopatikana ni wa kweli hadi leo: mwili wenye afya huhitaji wiki moja hadi mbili kuzoea kufanya kazi kwenye joto, na katika siku hizo hujifunza kutoa jasho mapema na kwa wingi, huku ukihifadhi chumvi.

Taasisi ya utafiti wa usalama kazini ya Marekani, NIOSH, imeyageuza hayo kuwa kanuni rahisi. Mfanyakazi mgeni afanye asilimia 20 ya kazi ya kawaida kwenye joto siku ya kwanza, kisha aongezewe asilimia 20 kila siku. Aliyezoea lakini akawa likizo aanze na asilimia 50, siku ya pili 60, ya tatu 80, na ya nne arudi kamili. Idara ya usalama kazini ya nchi hiyo, OSHA, inasema karibu nusu ya vifo vya joto kazini hutokea siku ya kwanza ya mtu kazini, na zaidi ya asilimia 70 ndani ya wiki ya kwanza.

Sasa tumfikirie kijana aliyezaliwa Kisii, Kabale au Mbeya, nyanda za juu zenye baridi. Anakaa Nairobi wiki kadhaa akisubiri viza, mji ulio karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Anapanda ndege usiku, anashuka Riyadh mwezi Julai, na keshokutwa yuko juu ya jukwaa akipitisha matofali kwa kasi ile ile ya Mpakistani mwenye miaka sita jangwani. Ana deni la wakala, hataki kuonekana mvivu mbele ya msimamizi mpya, na kichwa kikimuuma anadhani ni uchovu wa safari. Hata mtoto wa Kisauni au Ng'ambo, ambaye kwao fukuto ni jambo la kila siku, hajawahi kulibeba akiwa na mfuko wa saruji begani saa kumi kwa siku. Na anayelala kwenye chumba chenye kiyoyozi kwa mwezi mzima wa likizo hurudi akiwa nusu mgeni.

Katazo la saa sita hadi saa tisa halimjui mgeni wala mwenyeji. Kwa mgeni, saa nne asubuhi ya siku ya pili inaweza kuwa mbaya kuliko saa nane mchana ya mwezi wa tatu.

Kinachoandikwa kwenye cheti

Joto haliui kwa kiharusi peke yake. Mtu aliyepungukiwa maji huona kizunguzungu, mikono hulowa jasho, vyuma vinateleza, na uamuzi hupungua. Watafiti wa Marekani walipitia mamilioni ya madai ya fidia ya wafanyakazi wa California ya kuanzia 2001 hadi 2018 na kukuta kwamba siku ambazo joto lilipita nyuzi 38 ajali za kazini za kila aina ziliongezeka kwa asilimia 10 hadi 15. Nyingi ya ajali hizo, mtu kuanguka au kukatwa na mashine, haziandikwi kamwe kwamba zilihusika na joto. Watafiti hao waliona pia kwamba athari hiyo ilipungua baada ya California kuweka kanuni ya maji, kivuli na mapumziko mwaka 2005.

Hapo ndipo karatasi inapokuwa na thamani ya uhai. Saudia imekuwa ikitaja kiwango cha vifo vya kazini cha watu 1.12 kwa kila wafanyakazi 100,000, kiwango ambacho ni kidogo. Lakini mashirika ya Human Rights Watch na FairSquare, katika ripoti zao za Mei 2025, yalisema vifo vingi vya wafanyakazi wageni huandikwa kuwa vya kawaida bila uchunguzi wa chanzo chake. Mtu wa miaka 28 aliyefariki usingizini kambini baada ya siku ya nyuzi 45 anaweza kuandikiwa kwamba moyo ulisimama. Kila moyo wa maiti umesimama. Hilo si jibu.

Kwa familia iliyoko nyumbani tofauti hiyo ni ya fedha pia. Kwa mujibu wa utaratibu wa bima ya jamii wa Saudia, GOSI, mwajiri hulipa asilimia 2 ya mshahara kwa ajili ya hatari za kazini, na wageni wamo. Mfanyakazi hakatwi kitu. Kifo kikitambuliwa kuwa cha kazini kuna fidia. Kikiandikwa kuwa cha kawaida, kinachobaki ni kulirudisha jeneza. Na utafiti nao hukwama hapo hapo, kwa sababu kisichoandikwa hakihesabiwi, na kisichohesabiwa hakuna mkandarasi atakayelazimishwa kukizuia.

Suala la kujua na kutotenda halikuanzia kwenye joto. Itakumbukwa kwamba tarehe 11 Septemba 2015 kreni kubwa ilianguka katika Msikiti Mtukufu wa Makka, mwendo wa kilomita 70 hivi kutoka Jeddah, na kuua watu zaidi ya 100. Uchunguzi wa serikali ulieleza kuwa mkono wa kreni ulikuwa umeachwa juu, wakati maelekezo ya mtengenezaji yanataka ushushwe isipotumika. Maelekezo yalikuwepo kwenye kitabu, na upepo haukusoma kitabu hicho.

Maji, kivuli na ruhusa ya kusimama

Kwenye eneo la ujenzi lenyewe mahitaji si makubwa. Kipimo cha WBGT ni kifaa kinachoshikika mkononi. Maji ya baridi yawe karibu na fundi, si chini ya jengo: NIOSH inashauri kikombe kimoja kila baada ya dakika 15 hadi 20, bila kupita lita moja na nusu hivi kwa saa. Ushauri huo una adui mmoja ambaye wahandisi humsahau, nacho ni choo. Kama choo kiko chini na fundi yuko ghorofa ya 20, atakunywa kidogo ili asishuke, na figo zake ndizo zitakazolipa.

Mtu akianza kuongea ovyo, kupepesuka au kuacha kujitambua, hiyo si hali ya kusubiri gari la wagonjwa ndipo aguswe. Apelekwe kivulini, avuliwe nguo za kazi, alowanishwe maji, apepewe, awekewe barafu, huku gari likiitwa. Elimu hii ina mizizi Saudia kwenyewe. Mwaka 1980 daktari Msudani Mustafa Khogali na Mwingereza J. S. Weiner walieleza katika jarida la Lancet kitanda cha kupoza wagonjwa wa kiharusi cha joto kwa kuwanyunyizia maji na kuwapulizia hewa, na kikatumiwa kwa mahujaji wa Makka hata kikachukua jina la mji huo. Nchi iliyomfanyia hujaji hayo miaka zaidi ya 40 iliyopita haiwezi kuambiwa kwamba haijui la kumfanyia fundi.

Gumu kuliko yote ni ruhusa ya kusimama. Fundi ambaye kibali chake cha kuishi kiko mikononi mwa mwajiri, na ambaye anadaiwa nauli na wakala, hatasema "naona kizunguzungu, nakaa" bila kujua kesho kutakuwaje. Haki hiyo lazima iandikwe, na msimamizi wa zamu aambiwe kwa lugha anayoielewa kwamba hatapoteza kazi kwa kuchelewesha zege kwa nusu saa.

Upande wetu nao una kazi. Mafunzo ya kabla ya kusafiri yamejengwa zaidi juu ya kazi za majumbani. Kijana wa ujenzi anaweza kuondoka Nairobi, Kampala au Dar es Salaam bila kusikia neno moja juu ya kuzoea joto. Mamlaka za ajira zinazopitisha mikataba zingeweza kudai mstari mmoja tu: kwamba wiki ya kwanza mfanyakazi ataanza na kazi pungufu kwa mshahara kamili. Wakala anayeshindwa kumtaka mwajiri akubali hilo hana haja ya kuitwa wakala wa mfanyakazi.

Kwa aliyekwisha kufika, ni vyema ajue kwamba wizara ya Saudia hupokea malalamiko ya ukiukwaji wa katazo la mchana kwa simu nambari 19911. Azingatie pia rangi ya mkojo wake, ambayo ikiwa ya chai badala ya maji ya ndimu inamaanisha hajanywa ya kutosha. Na kama kuna mwenzake aliyefika jana kutoka nyumbani, amtazame huyo zaidi ya anavyojitazama mwenyewe.

Tarehe 15 Septemba amri hufikia ukomo wake. Riyadh usiku huwa umeanza kupoa. Jeddah, mwezi huo huo, Bahari ya Shamu bado ina joto lake la kiangazi, na unyevu wa hewa huwa miongoni mwa mkubwa kuliko wote wa mwaka. Tarehe 16, saa sita mchana, mafundi wa miji yote miwili huwa juu ya majukwaa.